Uji Aliobakiza Mama

Hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kuna watu wanaonijua kama yule mwalimu aliyewafukuza wageni wa mgonjwa. Sikatai. Niliwafukuza mchana kweupe, tena kanisani, na ikibidi nitawafukuza tena kesho kabla sijanywa chai. Ila wanaosimulia habari hiyo huanzia pale niliposimama na kufungua mdomo, ndiyo maana naonekana mkorofi bure. Mimi nitaanzia kwenye bakuli la uji.

Mama yangu anaumwa ugonjwa wa kutetemeka. Ulianzia kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia tukiwa bado Uvira, kwetu Kongo, akawa anauficha mkono ndani ya kitenge watu wasiuone. Tulipofika Malawi ulikuwa umeshapanda begani, baadaye ukashuka mguuni, na sasa hata sauti imekuwa ndogo, ukitaka kumsikia lazima usogee mpaka unuse mafuta anayojipaka. Lakini akili yake iko sawasawa kabisa, na hilo ndilo watu hawalielewi. Wanamwona uso umekaza, hacheki, macho hayapepesi, wanadhani hayupo. Wanamsemea mambo yake juu ya kichwa chake kana kwamba ni kabati. Yupo, na anasikia kila neno.

Tunaishi naye mimi na mdogo wangu wa mwisho, msichana aliyekuwa akishona nguo pale sokoni na mkono mwepesi kuliko mafundi wengi wa kiume, wao wenyewe wanakiri. Mimi nafundisha biolojia kwenye sekondari ya kambini, kama nilivyofundisha kwetu, na nikipata nafasi najisomea kozi ya chuo kwa mtandao kwenye kituo cha kompyuta. Mama alipoanza kushindwa kujilisha, mdogo wangu aliifunika cherehani yake na shuka, akabaki nyumbani. Hakuna aliyemwagiza. Mwenye kazi ya kutoka asubuhi nilikuwa mimi, basi mambo yakakaa hivyo.

Na kumlisha mama si mchezo. Uji usiwe mwepesi, maana mwepesi unakimbilia kwenye njia ya pumzi. Usiwe mzito ukakwama. Kidevu kiinamishwe kidogo, kijiko kiwe kidogo, halafu unasubiri. Unasubiri mpaka uone koo limepanda na kushuka, ndipo unaleta kijiko kingine. Vidonge vyake vinataka kumezwa kabla ya chakula, wala havipatani na maharage, kwa sababu maharage na dawa ile hugombania mlango mmoja kwenye utumbo, na maharage ndiyo yanayoshinda. Ukichelewesha kidonge, mwili wake unajifunga, huwezi hata kumgeuza kitandani. Mdogo wangu aliyajua yote hayo kwa mkono, hakuyasoma popote.

Sasa, mwaka ule mvua zilipoanza, tulipata ruhusa ya kutoka kambini tukampeleka mama hospitali Lilongwe. Tulimkalisha kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, mdogo wangu akimshika mgongoni na mimi nikitembea ubavuni nikimfokea mwenye baiskeli apunguze mwendo, mpaka barabarani, tukapanda gari. Daktari alikuwa mama mmoja Mmalawi, mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani kila anapotaka kusema jambo zito. Alimpima mama uzito, akasoma, akampima tena. Kisha akavua miwani.

Akaniambia mama amepungua mno. Ugonjwa wenyewe hautamwua leo wala kesho, alisema, lakini njaa inaweza. Akauliza anakula nini na kiasi gani. Nikamweleza kwamba tangu zamani kidogo hamalizi bakuli, anafika katikati anafunga midomo, umbembeleze usimbembeleze. Akasema huenda koo limeanza kushindwa. Tuongeze karanga, soya na mafuta kwenye uji, turudi mavuno yakishaanza. Kama uzito haujarudi, mama atalazwa pale mjini, apitishiwe mpira puani wa kumlishia, na kuanzia hapo hawezi kuniahidi ni lini atatoka.

Sikumtafsiria mama. Haikuwa lazima. Tulipotoka tukamkalisha kwenye benchi la veranda, akakivuta kitenge changu, nikainama.

“Musiniache huku,” alisema. “Nitakufia kwetu.”

Kwetu. Ile nyumba ya matofali ya udongo, yenye bati linalovuja upande wa mlango, ambayo siku tunaingia aliikataa kwa macho asiseme neno mpaka jioni. Roho iliniuma, lakini nikapiga moyo konde. Nikamwambia hakuna atakayemwacha huko, uzito utarudi, na mimi nikisema kitu kinakuwa. Tukapitia mtaa wa Old Town kwa wauzaji wa jumla, tukanunua unga wa soya, karanga zilizosagwa na mafuta. Nilibeba mfuko ule kichwani kama mtu aliyekwisha kushinda.

Hatukushinda. Uji ulipikwa mtamu, mzito vizuri, harufu ya karanga ikawa inawaita watoto wa jirani. Mama alikula, akafika nusu ya bakuli, akafunga midomo. Kesho yake vilevile. Mdogo wangu akijaribu kijiko kingine, anageuza uso ukutani. Nikirudi kutoka shule nauliza amemaliza, naambiwa hakumaliza. Nilijaribu mwenyewe siku za mapumziko, nikampigia hata makofi kama mtoto, jambo ambalo lilimchukiza sana. Nusu ya bakuli, basi. Nikajua ni koo. Mwalimu wa biolojia nitakosaje kujua? Misuli ya kumezea imeanza kuchoka, ugonjwa umeshuka huko. Nilikuwa nikihesabu moyoni ni muda gani umebaki mpaka mavuno, na nikilala naota ule mpira.

Ni kipindi hichohicho kozi yangu ilitutaka tuandike insha, kila mtu achague jambo la seli analolitaka. Wenzangu wakachagua damu, wengine malaria. Mimi nikachagua ubongo, si kwa sababu ya maksi. Nilitaka kumjua adui wa mama kwa sura.

Watu wakisikia ubongo wanafikiria seli za neva tu, zile zinazopeleka habari na kutoa amri, inua mkono, meza mate. Hizo ndizo maarufu. Lakini neva haijitegemei hata kidogo. Imezungukwa na seli nyingine zenye matawi kama nyota, ambazo kazi yake ni kuhudumia. Zinachukua sukari kwenye damu na kuiandaa iwe chakula cha neva. Zinafyonza chumvi na kemikali zilizomwagika baada ya kazi. Zinasaidia kuuziba mlango ili sumu za kwenye damu zisiingie. Kwa Kiswahili sikupata jina lake, nikaziita seli walezi, na wanafunzi wangu hadi leo wanaziita hivyo.

Seli mlezi nayo inahitaji nguvu, na nguvu inatoka kwenye mitokondria, majiko madogo ya moto yaliyomo ndani yake, mengi, yanayochoma chakula. Darasani nilieleza kwa mbaula, lile jiko la bati la mkaa ambalo kila nyumba hapa inalo. Mbaula iliyotoboka chini inakula mkaa uleule, joto haitoi, na moshi unakutoa machozi. Mitokondria iliyoumia iko hivyo. Inaendelea kuchoma huku inavujisha kemikali kali zinazounguza majirani zake. Iliyozimika kabisa haina shida sana. Yenye shida ni ile iliyoharibika na bado inawaka.

Kwa hiyo seli yenye afya inafanya ukaguzi. Kuna protini moja ambayo, mitokondria ikiwa nzima, huvutwa ndani na kukatwakatwa, huioni. Mitokondria ikipoteza umeme wake, ule mvuto unakatika, na protini ile inabaki imesimama mlangoni. Inamwita mwenzake, mwenzake anapaka alama juu ya mitokondria ile mbovu, kisha utando unakuja unaizunguka yote na kuipeleka kwenye kifuko chenye asidi, inayeyushwa, na vipande vinavyofaa vinatumika kujengea vipya. Ile yenye kasoro ndogo haitupwi. Inaunganishwa na nzima zikasaidiana, au upande mbovu unakatwa ukatolewa peke yake. Kazi hii haina sikukuu.

Shida ikija, yaani njaa ya sukari, sumu au uvimbe, mabovu yanaongezeka, na utoaji lazima uongezeke. Seli inayowahi kutoa mabovu yake inavumilia, na neva iliyo mikononi mwake inavumilia pia. Isiyowahi haifi siku hiyo. Inabaki palepale, ukiitazama unaona ipo kazini, lakini ulishaji unapungua, na mwisho inaanza yenyewe kutoa kemikali zinazoiumiza neva iliyokuwa ikiitunza. Wataalamu wanaona kwamba katika ugonjwa wa kutetemeka jambo hili lina sehemu yake, na kuna watu wanaozaliwa na hitilafu katika ukaguzi huohuo. Kama mama ni mmoja wao sijui, hajapimwa. Nilichokijua ni kwamba nimeielewa habari ile mpaka mwisho, nikaiandika kwa raha, na insha ile naijivunia hadi sasa.

Nyumbani, wakati huohuo, wageni.

Hapa ni lazima nieleze desturi yetu. Mtu akiumwa, bamama wa kanisa wanakuja kumwona. Haji mmoja, wanakuja kundi, na vitenge vya sare, wanaimba kutoka njiani. Ni jambo zuri. Wanaomba, wanamshika mgonjwa mkono, wanalia kidogo. Halafu wanakaa. Na mgeni akikaa kwetu hawezi kuondoka na mdomo mkavu, hilo halipo, iwe wewe ni Mvira, Mbembe au Mnyarwanda. Nyumba ya mgonjwa isiyopika chai itasemwa mpaka mji wa Mponela. Kwa hiyo mdogo wangu anawasha mbaula. Chai, maandazi, na wakichelewa, nsima, ule ugali wa huku, na samaki wadogo. Anaazima vikombe kwa jirani, anaviosha, anavirudisha. Katikati ya hapo saa ya kidonge inapita. Uji wa mama unapoa. Wakiondoka wanamshika bega, wanamwambia ajipe moyo, “kuraje, mwanetu, uko na baraka,” yeye anacheka vizuri kabisa, na kesho linakuja kundi la kanisa la pili, kwa sababu mama alikuwa mtu wa watu.

Nami nilikuwa nikirudi nakuta nyumba imejaa nyimbo, nafurahi. Nilidhani tunasaidiwa.

Asubuhi moja mdogo wangu alianguka bombani. Nilikuwa naandika ubaoni nikaitwa. Nilipofika kliniki ya kambini nilimkuta amelazwa pembeni, midomo imemkauka, na mikono yake, ee Mungu wangu, mikono ile ya fundi imebaki mifupa. Muuguzi akasema si malaria, si mimba, si kitu cha kuogopesha. Huyu hali chakula, alisema. Damu imepungua, mtu hali.

Damu ilinichemka. Nikamuuliza mdogo wangu, unawapikia watu wote hawa kila siku, inakuwaje wewe huli? Alinitazama kama mtu anayeulizwa kitu cha wazi.

“Nsima bageni banamalizaka,” alisema. “Mi minakulaka ile uji mama anabakisha. Njo inanitosha.”

Nilikaa kwenye ukingo wa kile kitanda nikamshika mguu. Nilikuwa nimeandika kurasa nzima kuhusu seli inayobaki palepale, ukiitazama unaona ipo kazini. Na wote tulikuwa tukimtazama mgonjwa. Daktari wa Lilongwe alimtazama mgonjwa. Bamama walimtazama mgonjwa. Huyu hakuna aliyemtazama, mimi nikiwa wa kwanza, na juu ya mzigo aliokuwa nao tulimwekea na vikombe.

Mimi si mtu wa kukaa na jambo. Siku ileile nilikwenda kwa mama prezidenti, kiongozi wa bamama wetu, mwanamke wa Fizi, mnene, anayeuza vitenge mbele ya nyumba yake na ambaye hata mchungaji humwogopa kidogo. Nilimsalimu kwa heshima zote, nikamweleza habari ya kliniki, nikamwambia naomba wageni wasimame. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema ameumia sana kwa ajili ya msichana, lakini mgeni wa mgonjwa hafukuzwi, hajawahi kuona, na yeye hawezi kuwa mtu wa kwanza kulitamka neno hilo. Nikamwambia sawa, basi litatamkwa na mimi. Akaniambia niangalie mdomo wangu. Hata mama yangu hunionya hivyohivyo, na wote wamekula hasara.

Jumapili, wakati wa matangazo, nikanyoosha mkono. Mchungaji akadhani nataka kutoa shukrani, akaniita mbele.

“Bamama, minabashukuru sana,” nilisema. “Lakini kuanzia leo, mwenye kuya kuona mama hatakaa. Ataingia, atasalimia, ataomba kama anataka, kisha atachukua kitu kimoja kichafu, ataenda nacho. Shuka, ndoo, majivu, sufuria, ni yeye atachagua. Atarudisha kikiwa safi. Chai haitakuwa.”

Mchungaji akakohoa. Kwenye mabenchi ya wanaume mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa kwa kiwiko. Nikarudi kukaa, uso nimeukaza, mtoto wa mama.

Maneno niliyopata wiki ile sitayaandika yote. Kwamba najidai kwa sababu ya masomo. Kwamba nimeifanya nyumba ya mgonjwa kuwa dobi. Kwamba huko Uvira nani alinilea. Hakuna mgeni hata mmoja aliyekanyaga kwetu, na mimi nikasema afadhali, tupumue. Aliyenipasulia ukweli alikuwa mdogo wangu. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, akasema bila kuniangalia kwamba wale wageni ndio walikuwa watu pekee aliokuwa anaongea nao. Mimi nina shule yangu na wanafunzi wangu. Yeye sasa ataongea na nani, na mbaula?

Aka. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimetupa kibovu na kizima pamoja. Lakini sikurudi nyuma, maana chai ilikuwa chai na ilikuwa inamwua.

Aliyetuokoa ni mama prezidenti. Alikuja siku moja asubuhi, peke yake, bila sare. Alimsalimu mama, akaomba kifupi sana kuliko kawaida yake, akatazama huku na huku, akainama akaichukua ile ndoo ya shuka zilizolowa mkojo, ile ambayo hakuna mgeni angetaka hata kuijua. Akaiweka kichwani, akatoka nayo, mwanamke mkubwa vile, akapita nayo katikati ya njia ya soko kila mtu aone. Mlangoni akageuka akamwambia mdogo wangu, twende wote bombani, wewe utakaa tu, mimi nitafua, unihadithie. Akaniangalia mimi nikiwa nimesimama na chaki zangu mkononi. “Na we, mwalimu, bakia ulishe mama yako.”

Nikabaki. Shuleni nilituma ujumbe, nikapanga upya vipindi vyangu vya alasiri ili saa hizo niwe nyumbani. Baada ya hapo wakaanza kuja wengine, mmoja leo mwingine kesho, wakiwa bado wamenuna. Yule anachukua sufuria, huyu anachukua majivu. Walipogundua kwamba mtu anaweza kuja kwa muda mfupi na kuondoka bila lawama, wakaja zaidi kuliko zamani. Na kila anayechukua kitu anamchukua na mdogo wangu nusu ya njia, wanaongea. Alasiri akaanza kwenda kwenye kibaraza cha mama prezidenti na cherehani yake. Shuka ile iliyokuwa imeifunika tukaitandika kitandani kwa mama.

Ndani ya nyumba nikaweka sheria moja tu, na sikumpa mtu nafasi ya kuijadili. Mdogo wangu anakula kwanza. Kabla ya kidonge, kabla ya uji wa mama, sahani yake mwenyewe, imejaa, anakaa anakula. Chumba chetu ni kimoja, kwa hiyo alikuwa akikaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha mama, hakuna mahali pengine. Siku ya kwanza alikula kwa aibu, amegeuza mgongo. Nikamwambia ageuke, hapa hatuibi. Alipomaliza, nikampa mama kidonge, nikasubiri kifanye kazi, nikaanza kumlisha. Tukafika nusu ya bakuli. Nikaleta kijiko kwa kusitasita, nikijua midomo itafungwa.

Haikufungwa. Tulifika chini ya bakuli. Nilikwangua.

Nilivyoringa! Nikamwambia mdogo wangu, unaona, ni suala la ufundi, wewe ulikuwa unaharakisha. Akacheka, akasema haya dada, wewe ndiye daktari wetu. Kesho yake bakuli likaisha tena. Na kesho kutwa. Siku nilipochelewa shuleni akalisha yeye, nikarudi nikiwa na wasiwasi, bakuli lilikuwa limeoshwa limekaa juu ya sufuria. Mama alikuwa akitazama tu, na uso wake haukuwa ukinipa habari yoyote, kama kawaida ya ugonjwa ule.

Mahindi yalipoanza kuvunwa tukarudi Lilongwe, wote. Njia nzima nilikuwa nikimchungulia mama mashavu. Daktari akampandisha kwenye mizani, akasoma, akampima tena kama mara ile. Akavua miwani. Kisha akacheka. Uzito umerudi, alisema, si wote, lakini umerudi vizuri. Hakuna mpira. Hakuna kulazwa. Mama aende nyumbani.

Halafu akauliza tumebadilisha nini, kwa sababu hakutegemea, koo likishaanza kushindwa huwa halirudi nyuma.

Mtu asiniulize swali la namna hiyo. Nilijiweka sawa kwenye kiti nikaanza. Nikamweleza kwa Kiingereza changu chote habari ya seli walezi na mitokondria zilizoharibika, kwamba neva haiponi kama anayeilisha amejaa moshi, kwamba tuliondoa mabovu kwenye mikono ya mlezi, tukamlisha mlezi kwanza, na mimi nikaboresha ufundi wa kijiko. Daktari alikuwa anaitikia kwa kichwa, amependezwa kweli, akauliza hata insha yangu anaweza kuisoma. Nilikuwa nimefika pazuri sana nilipohisi kitenge changu kinavutwa. Nikaendelea kuongea. Kikavutwa tena, kwa mkono ule unaotetemeka, lakini kwa nguvu. Nikainama.

“Mwambie koo yangu haikuwa na kitu,” alisema mama. “Nilikuwa minabakishia mutoto. Sababu hakukuwa mwengine wa kumupa chakula.”

Mdogo wangu alikuwa upande wa pili wa kiti, amemshika mama begani, naye alisikia. Aliuweka mkono wake mdomoni akatoka nje.

Daktari akaniuliza mama amesema nini. Kiingereza kilinikimbia chote, na Kichewa nacho, nikabaki nimekaa pale na machozi yananitiririka mbele ya mtu ambaye dakika ile nilikuwa nikimfundisha. Katika insha yangu chakula kilikuwa kinakwenda upande mmoja tu, kutoka kwa mlezi kwenda kwa neva. Kwa miezi yote ile mama alikuwa amelala ameukazia ukuta uso, ana njaa, mbele yake kuna mpira wa puani na kifo cha ugenini alichokiogopa kuliko vyote, na bado kila siku anafika katikati ya bakuli anafunga midomo.

Tulirudi Dzaleka jua likiwa bado lipo. Mama prezidenti alikuwa ameshawasha moto wetu, akamtazama mama, akaona habari ni njema, akaenda zake na ndoo ya majivu. Mdogo wangu akakoroga uji wa karanga, akaumimina kwenye mabakuli mawili, akakaa kwenye kigoda chake. Nilimsogezea mama kijiko mdomoni. Hakufungua. Alikuwa akimtazama mdogo wangu koo, akangoja mpaka alipoliona limepanda na kushuka, ndipo akafungua mdomo.